Umeona Nini, Mjomba?

Somo: Marko 8:22–26



Kuna muujiza mmoja wa Yesu ambao wahubiri wengi huupita haraka, na nadhani najua sababu. Haukukamilika kwa mara moja. Kati ya waandishi wanne wa Injili, Marko peke yake ndiye aliyeuandika. Kule Bethsaida watu walimletea Yesu mtu asiyeona, wakamwomba amguse. Yesu hakumponya pale pale mbele ya umati. Alimshika mkono kwanza, akatembea naye mpaka wakatoka kijijini. Huko nje akamtemea mate machoni, akamgusa, kisha akamuuliza kama kuna chochote anachokiona. Yule mtu alijibu kwa ukweli, bila kutafuta maneno ya kumpendeza mponyaji. Watu aliwaona, ila walikuwa kama miti, tofauti ni kwamba walitembea. Basi Yesu akamgusa mara ya pili, na sasa kila kitu kikawa wazi.

Nimeusoma mstari huo tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili. Nilikuja kuuelewa nikiwa mtu mzima, katika matembezi ya asubuhi moja wilayani Chamwino, nikiwa na kamera ndogo mkono wa kulia na mkono wa mjomba wangu katika mkono wa kushoto. Leo, kabla hujatoka kwenda ibadani au baada ya kurudi, naomba unifuate katika matembezi hayo. Si marefu.

Kwanza nikueleze habari ya kamera. Mimi napenda kupiga picha. Sijaifanya kuwa kazi, lakini kwa miaka mingi nimeitumikia kama vile ni kazi. Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, nilikuwa nafunga safari kwenda kijijini kwa mjomba, kaka yake marehemu mama yangu. Ni mwendo wa saa mbili kutoka Dodoma mjini, kwanza kwa basi, halafu kwa bodaboda. Kama umekulia Ugogo unajua kwa nini nilichagua majira hayo. Huku kwetu kuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na mvua yenyewe haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Kwa miezi saba nchi inakuwa rangi ya vumbi. Kisha wiki mbili za mvua zinapita, na mibuyu iliyokuwa imesimama uchi inavaa majani, udongo mwekundu unapata nyasi changa, uwele na mtama vinachomoza mistari kwa mistari. Mtu mwenye kamera hawezi kukaa mjini.

Nilikuwa nakwenda na begi la mgongoni lenye uzito wa karibu kilo 9. Ndani kulikuwa na kamera mbili, lenzi tatu, taa, betri za akiba, na miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Nikitembea, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mmoja ulishika kamera, mwingine ulizungusha lenzi au ulishika mkanda wa begi usinikate bega. Mjomba alikuwa akinisindikiza, na mjukuu wake wa kike alikuwa akitembea mbele yake ameshika ncha ya fimbo. Nilidhani ni mapenzi ya babu na mjukuu. Nikawapiga picha.

Halafu mgongo wangu ulinigomea. Daktari aliniambia waziwazi kwamba nichague kati ya mgongo na begi. Niliuza karibu vyote, nikanunua kamera moja ndogo yenye lenzi moja isiyotoka wala kuvuta. Uzito wake ni chini ya nusu kilo, inaingia katika mfuko wa koti. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa madaraka. Lenzi isiyovuta ina sharti moja: ukitaka kumpiga mtu picha ya karibu, inabidi usogee karibu naye kwa miguu yako. Hakuna kujificha mbali.

Luka sura ya 10 anatueleza jinsi Yesu alivyowatuma wanafunzi wawili wawili, akawakataza kubeba mfuko wa fedha, mkoba na viatu. Siku zote nilihubiriwa kwamba maana yake ni kumtegemea Mungu kwa chakula na malazi, na hiyo ni kweli. Lakini siku hizi naona na jambo jingine. Mtu asiyebeba kitu ana mikono mitupu. Anaweza kushika mkono wa mtu.

Basi ilikuwa Jumamosi ya Januari. Niliamka alfajiri, nikamwamkia mjomba nje ya nyumba, naye akanijibu kama kawaida yake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Leo begi liko wapi? Sisikii likilia.”

Nilicheka. Nilidhani anatania. Sikujua kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa amenitambua kwa mlio wa vifungo vya begi langu.

Mjukuu hakuwepo asubuhi ile. Alikuwa ameongozana na bibi yake kwenda mashineni kusaga. Mjomba alisema atanisindikiza hata hivyo mpaka shambani, halafu mpaka kwenye mbuyu mkubwa ulio juu ya korongo, maana ndiko nilikozoea kwenda. Tukatoka. Jua lilikuwa limepanda kidogo juu ya vilima, ule mwanga laini wa manjano ambao huku kwetu haukai. Tuko karibu sana na Ikweta. Jua likishafika saa tatu asubuhi linakuwa kali, vivuli vinakuwa vyeusi kama masizi na nyuso za watu zinapoteza umbo. Kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Hatua ishirini tu kutoka uani, mjomba alijikwaa. Nikamshika mkono. Tukaendelea, nikamwachia nipige picha ya mbuzi waliokuwa wakipanda mawe. Akasimama pale pale nilipomwachia, kama mtu anayengoja gari. Nikarudi nikamshika tena. Safari hii sikumwachia.

Msomaji, umewahi kumshika mkono mzee wako mkatembea kwa nusu saa? Si kumpa mkono wa salamu. Kutembea. Mkono unasema mambo ambayo mdomo hausemi. Niliusikia ukikaza kila tulipokaribia kivuli cha mti, kwa sababu hakujua kama ni kivuli au ni shimo. Niliusikia ukitetemeka tulipofika ukingo wa korongo, ingawa mchanga ulikuwa mkavu na njia ya kushukia nimeipita tangu utoto. Alishuka kwa kugusagusa na fimbo, kama mtu anayeingia nyumba ya wageni usiku umeme ukiwa umekatika.

Ng’ambo ya korongo kuna kipande cha ardhi ambacho mjomba anakipenda kuliko shamba lenyewe. Miaka ya nyuma kilikuwa kimebaki visiki vitupu. Miti ilikwisha kwa mkaa na kuni. Kisha wakulima wa huku wakafundishwa njia inayoitwa Kisiki Hai, ambayo shirika la LEAD Foundation limeieneza katika vijiji vingi vya mkoa wa Dodoma. Hakuna kununua miche. Unatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado ina uhai, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue mti huu unatunzwa, kisha unaulinda usiliwe na mifugo. Kwa kuwa mizizi iko chini tayari, mti unakua haraka kuliko mche wa kupandwa. Mjomba alikuwa amefunga vitambaa vyekundu katika visiki vyake kwa mikono yake mwenyewe. Miti mingine sasa ilikuwa imenipita urefu.

Akaniuliza, “Kile cha kwanza kabisa nilichofunga, kitambaa bado kipo?”

Nilikitazama. Kilikuwa mbele yake, hatua tatu, chekundu kama damu, kinapeperuka.

“Kipo, mjomba,” nilisema.

“Nipeleke nikiguse.”

Nilimpeleka. Alikipapasa, akapanda na vidole mpaka kwenye shina, akatabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nikainua kamera. Mwanga ulikuwa mzuri mno.

Tulipofika chini ya mbuyu tukaketi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Mvumi. Mjomba alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo kichwa cha makala haya.

“Umeona nini, mjomba?”

Nilianza kumsimulia. Nikasema nimeona mbuzi. Nimeona jua. Nimeona mibuyu. Nikaishia hapo. Nilikuwa nimepiga picha zaidi ya mia moja asubuhi ile na sikuwa na sentensi ya nne. Kwa aibu nikawasha kioo cha kamera nijikumbushe, nikakutana na ile picha ya mwisho: mjomba ameshika mti wake, uso umegeukia jua. Nikaivuta ikubwe. Nikaivuta tena. Katikati ya jicho, mahali ambapo mboni inapaswa kuwa nyeusi, palikuwa na weupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Jicho la pili lilikuwa hivyo hivyo.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Macho ya mjomba yalikuwa nalo, na nilikuwa nimelipiga picha.

Sikulala usiku ule. Nilirudi mjini Jumapili jioni, nikafungua kompyuta, nikatafuta picha zake zote za miaka iliyopita. Ile ya 2018: macho meusi, makali, anacheka. Ile ya 2020: katika jicho la kulia kuna ukungu mdogo, kama pumzi juu ya kioo. Ile ya 2022: ukungu umeenea. Nilikuwa na ushahidi wote, kwa mpangilio wa tarehe. Hospitali yoyote ingefurahi kupata kumbukumbu nzuri namna ile. Na ile ya 2022, msomaji, niliikuza nikaitia fremu, na mpaka usiku ule ilikuwa ukutani sebuleni kwangu. Wageni waliisifu. Mtumishi wa Mungu mmoja aliwahi kusimama mbele yake akasema macho yale yamejaa hekima ya wazee. Nami nikaitikia amina. Hayakuwa yamejaa hekima. Yalikuwa yamejaa mtoto wa jicho, na mwenyewe alikuwa anaingia gizani mbele ya lenzi yangu.

Nilimpigia simu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema bila hasira yoyote, “Nilidhani umeona. Si wewe ndiye mwenye vioo?”

Nimekemewa na maaskofu, nimekemewa na wakubwa zangu kazini. Hakuna neno lililoniingia kama lile.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu pengine nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii na humjui. Jicho la mwanadamu lina lenzi, kama kamera. Nayo kazi yake ni ile ile, kukusanya mwanga ili picha ionekane nyuma ya jicho. Kwa wengi, umri unapokwenda, lenzi hiyo inaanza kufifia na kuwa nyeupe. Huo ndio mtoto wa jicho. Hauumi. Ndiyo maana mzee halalamiki. Anapunguza tu mambo. Anaacha kusoma Biblia yake akisema maandishi ya siku hizi ni madogo. Anaacha kwenda ibada ya jioni. Anamwaga chai nje ya kikombe, na watoto wanasema ni uzee. Shirika la Afya Duniani linautaja kuwa sababu kubwa kuliko zote za upofu duniani, na jambo la kusikitisha ni kwamba unatibika. Hakuna dawa ya kutia inayouondoa, wala miti shamba, wala mafuta ya upako yanayopaswa kukuzuia kwenda hospitali. Tiba yake ni upasuaji mdogo: lenzi iliyofifia inatolewa, inawekwa nyingine ya bandia.

Sisi wa kanda hii tuna ugonjwa mwingine pia, vikope. Wazee wetu wengi waliupata utotoni, kwa nzi, kwa vumbi, kwa uhaba wa maji ya kunawa uso. Ukirudiarudia kwa miaka, kovu ndani ya kope linazikunja nywele za kope ziingie ndani, na kila mtu anapopepesa jicho, zinakwaruza kioo cha jicho mpaka kiharibike. Kongwa, jirani zetu, imejulikana na madaktari wa macho wa dunia nzima kwa sababu watafiti walifanya kazi huko kuanzia miaka ya 1980, wakaonyesha, pamoja na mengine, jinsi kunawisha watoto nyuso kunavyosaidia kupunguza ugonjwa huo. Uso safi wa mtoto! Jambo dogo ambalo mama anaweza kulifanya kwa kikombe cha maji.

Wiki iliyofuata nilimchukua mjomba, nikampeleka hospitali ya misheni yenye kitengo cha macho. Gharama za safari, vipimo na upasuaji, ukizijumlisha zote, hazikufika bei niliyouzia lenzi moja kati ya zile tatu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nabeba macho yake mgongoni mwangu.

Daktari alimpima kwa utaratibu. Akaniita pembeni. Jicho la kulia, alisema, lina matumaini makubwa. La kushoto tumechelewa. Kioo cha jicho kimekwaruzwa na vikope muda mrefu, na nyuma yake mshipa umeumia. “Mngemleta miaka minne iliyopita,” alisema, halafu akanyamaza, labda aliona uso wangu. Miaka minne iliyopita nilikuwa kijijini. Nina picha za siku hiyo.

Nilimwambia mjomba ukweli wote. Alinisikiliza, akauliza tu, “La kulia si linatosha kuona kitambaa?”

Upasuaji ulifanyika kwa sindano ya ganzi na haukuchukua hata nusu saa. Muuguzi alinionyesha lenzi ya bandia ndani ya kiboksi chake. Ni nyepesi kama punje ya mtama. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa kamera ya nusu kilo niliitazama nikakosa la kusema.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Tulikuwa mimi, mke wake, na yule mjukuu. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno zito, neno la kuandika gazetini. Mjomba alipepesa jicho, akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu.

“Mjomba,” alisema, “umenenepa.”

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Mke wake alicheka huku analia. Mtoto peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika ile fimbo, anamtazama babu yake, kama mtu aliyekabidhi kazi na bado haamini kwamba ameruhusiwa kuondoka. Baadaye bibi yake aliniambia jambo ambalo sikuwahi kuuliza. Kwa miaka miwili, siku mbili au tatu katika kila wiki, mtoto yule hakwenda shule. Alikuwa ndiye macho ya babu. Ile picha yangu ya mapenzi ya babu na mjukuu ilikuwa ni picha ya mtoto aliyekosa darasa.

Mpendwa, sasa rudi nami Bethsaida. Mistari michache tu kabla ya muujiza ule, Yesu amewauliza wanafunzi wake, kwa uchungu, inakuwaje wana macho na hawaoni. Walikuwa ndani ya mashua wanahangaika kwa kuwa wamesahau mikate. Na mistari michache baada ya muujiza, Petro anamkiri Yesu kuwa ndiye Kristo, halafu papo hapo anamzuia asiende msalabani, naye anakemewa vikali. Petro alikuwa ameona nusu. Marko ameuweka muujiza wa hatua mbili katikati ya watu wanaoona nusu, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Kuna upofu wa giza, na kuna upofu wa mguso wa kwanza. Huu wa pili ni wa sisi tuliokwisha guswa. Tunaona watu, ila kama miti. Kanisani tunaona kwaya, hatuoni kwamba yule wa sauti ya pili hajaja wiki tatu. Tunaona wazee wa kanisa, wajumbe, bahasha zenye namba. Tunaona mama anayefagia kanisa kila Jumamosi, na hatujui jina la mtoto wake. Kwenye ubatizo na harusi tunainua simu zetu zote kwa pamoja, na bwana harusi akitazama kwa wageni wake haoni nyuso, anaona migongo ya simu. Picha si dhambi. Mimi bado napiga. Lakini picha inaweza kunidanganya kwamba nimeona, wakati nimechukua tu.

Ukipanda barabara ya kaskazini kutoka Dodoma, ukapita Kondoa mjini mpaka Kolo, utakuta katika miamba michoro ya watu wa kale ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro. Wamo watu waliochorwa warefu, wembamba, kama miti midogo. Mwaka 1951 Mary Leakey alikuja na kuinakili michoro hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, akifuatisha juu ya karatasi zinazopitisha mwanga. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Nilipokwenda Kolo na lile begi langu nilimaliza pango zima kwa dakika kumi. Anayenakili kwa mkono hawezi kufanya hivyo. Lazima akae na mtu mmoja wa kwenye jiwe, aufuate mkono wake, shingo yake, mguu wake, mpaka amjue. Mtu wa jiwe alipewa muda ambao mimi sikumpa ndugu ya mama yangu.

Na linalonifariji ni hili: Yesu hakumwacha yule mtu katikati ya njia. Hakumwambia kuona miti kunatosha, ashukuru. Hakumlaumu kwa imani haba. Alimuuliza, akalisikia jibu la ukweli, akamgusa tena. Kinachotakiwa kwetu ni ule ukweli. Tuseme, “Bwana, naona, lakini si sawasawa.” Mtu anayedai anaona vizuri hapelekwi hospitali.

Kwa hiyo leo nakupa kazi, na haihitaji vifaa. Baada ya ibada, au jioni hii nyumbani, mshike mkono mzee mmoja, wako au wa jirani. Tembea naye hatua mia mbili. Usimwongoze kwa maneno, sikiliza mkono. Mwombe akusomee tarehe iliyo kwenye kalenda ya ukutani, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akishindwa, usisubiri mvua zijazo. Na kama kuna mtoto anayemwongoza, uliza darasa lake ni la ngapi na jana alikuwa wapi.

Jicho la kushoto la mjomba halitaona tena upande huu wa mbingu. Nimeomba msamaha kwake na kwa Mungu, na wote wawili wamenisamehe, lakini jicho halijarudi. Sitaki nikudanganye kwa mwisho mtamu. Kuna mambo tunayosamehewa na bado tunayatazama kila siku. Ile picha ya sebuleni sikuiondoa. Mgeni akiisifu, namwambia anachokitazama.

Mwaka huu nilirudi mvua zilipoanza. Mjukuu alikuwa shuleni. Mjomba alitoka na fimbo yake, safari hii kwa mazoea tu, akanitangulia kushuka korongo. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, kamera mfukoni. Alifika kwenye visiki vyake kabla yangu, akasimama mbele ya ule mti wa kwanza. Jua lilikuwa limekipausha kitambaa. Alikifungua, akatoa kipya mfukoni, akakifunga, akaligeuza jicho lake la kulia upande wangu.

“Ule pale umechipua mwingine,” alisema, akanyosha fimbo. “Hukuuona?”

Sikuwa nimeuona. Nilisogea karibu, akanionyesha.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyemshika mkono asiyeona mkatoka naye kijijini, utushike na sisi. Tumepita mbele ya ndugu zetu mikono ikiwa imejaa, tukawaona kama miti. Utusamehe. Utupunguzie mizigo tusiyoihitaji. Utuguse mara ya pili, ili kabla jua halijatua leo tumwone mtu mmoja kama wewe unavyomwona. Amina.